Jiko la Marumaru na Mlango wa Baba



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, safari hii tunawaletea habari ya kitu ambacho wengi wetu hatuna nyumbani wala hatutarajii kuwa nacho: jiko la kuotea moto la marumaru, lililochongwa kwa ajili ya jumba la tajiri mmoja wa London. Msishangae. Habari ya jiko hili ilitufikia wakati nyumba yetu ina mzozo wa deni na urithi, nayo ikatusaidia kuona njia. Ndiyo maana tumeona tuiandike yote, ya huko na ya kwetu, ili anayefikwa na jambo kama letu apate pa kuanzia.

Jiko la namna gani?

Kwetu Buyenzi, hapa Bujumbura, jiko ni mbabula ya makaa. Linabebwa kwa mkono, asubuhi liko uani, jioni liko barazani. Katika nchi za baridi za Ulaya, jiko la kuotea moto lilijengwa ndani ya ukuta wa chumba. Chini kuna sakafu ya mawe ya kuwekea kuni au makaa ya mawe, na juu yake kuna dohani inayopanda ndani ya ukuta mpaka nje ya paa. Hewa ya moto hupanda na moshi wake, na hewa ya chumbani huvutwa kwenda motoni kushika nafasi yake. Kwa sababu hiyo, moto ulio wazi namna hii hupeleka sehemu kubwa ya joto lake angani. Katika miaka ya 1790 mtaalamu mmoja aliyeitwa Count Rumford aliandika namna ya kupunguza tundu la moto na kubana koo la dohani, ili moshi upande vizuri na joto zaidi libaki kwa watu.

Hapa tusimame kidogo kwa ajili ya faida. Dohani ndiyo iliyowawezesha watu wale kulala na moto chumbani. Mbabula zetu hazina dohani. Makaa yanapowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na mtu aliyelala haamki. Kwa hiyo wazazi, hata usiku uwe na baridi kiasi gani, mbabula isilale ndani.

Turudi kwenye maelezo yetu. Pembezoni mwa tundu la moto palihitaji kitu kisichoungua. Mwenye uwezo mdogo alizungushia matofali, mwenye nafasi akaweka mawe ya kawaida, na tajiri akaweka marumaru. Na kwa kuwa wenyeji na wageni wote walikaa wakiuelekea moto, mahali hapo ndipo palipotumika kuonyesha hadhi ya nyumba. Kwa watu wa pwani yetu, Unguja na Lamu, kazi hiyo ilifanywa na mlango wa mbele. Mgeni akisimama nje tu anasoma nakshi na kujua amefika kwa nani. Kwa Waingereza, hadhi ilisomwa ndani, mbele ya moto.

Jiko tunalolizungumzia lilitoka katika chumba cha kulia cha Dorchester House, jumba lililosimama Park Lane, London. Limechongwa kwa marumaru ya Carrara, Italia, machimbo yanayotumika tangu enzi za Warumi. Zamani mapande ya mawe yaliteremshwa mlimani kwa kamba juu ya magogo yaliyopakwa sabuni, na kamba ikikatika watu walipoteza maisha. Jiwe hilo likasafirishwa mpaka Uingereza, na humo yakachongwa maumbo ya wanawake wawili waliochutama, mmoja kila upande, kama waliolemewa na uzito wa sehemu ya juu. Tunajua baadhi ya wasomaji watauliza kuhusu masanamu. Hatuandiki ili mtu aweke sanamu sebuleni kwake. Tunaandika kwa sababu ya fundi aliyelichonga na yaliyotokea baada yake.

Moto uliolipiwa na maji

Mwenye nyumba aliitwa Robert Stayner Holford, aliyezaliwa mwaka 1808 na kufariki mwaka 1892. Alirithi mali nyingi sana kutoka kwa ami yake akiwa bado kijana. Sehemu kubwa ya utajiri wa ukoo wao ilitokana na hisa za kampuni ya maji iliyoitwa New River. Kampuni hiyo ilikuwa na mfereji uliochimbwa kuanzia mwaka 1609 na kufunguliwa mwaka 1613, ukileta maji ya chemchemi za Hertfordshire mpaka London, mwendo wa kilomita 60 hivi kwa jinsi ulivyokuwa ukizungukazunguka. Watu wa mji walilipia maji, na wenye hisa wakapata faida, kizazi baada ya kizazi.

Kwa hiyo jiko lile la moto lililipiwa na maji. Tuliposoma hayo tulikumbuka jinsi tulivyolelewa. Mtoto alitumwa kwa jirani na kipande cha chungu kuomba kaa la moto, na hakuna aliyesema leo hatutoi. Maji vilevile. Mpita njia akiomba maji ya kunywa, hakuulizwa yeye ni nani. Hatusemi Holford alidhulumu, kwani mfereji huhitaji kuchimbwa na kutunzwa, na wachimbaji hula. Tunasema tu kwamba ni vizuri mtu akiona pambo kubwa ajiulize limetoka mfukoni mwa nani.

Fundi aliyekufa kazi haijaisha

Fundi aliitwa Alfred Stevens. Alizaliwa mwaka 1817 katika mji mdogo wa Blandford, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa fundi wa kupaka rangi na kupamba nyumba, na mtoto akaanza kazi kwa baba yake mapema. Watu wa mji walipokiona kipaji chake walimsaidia kwa fedha, na mwaka 1833, akiwa na umri wa miaka kumi na mitano au kumi na sita, akapelekwa Italia. Huko alikaa miaka tisa hivi akijifunza na kujitafutia riziki.

Jambo lililotufurahisha ni hili: mtu huyu hakudharau kazi ndogo. Mwaka 1850 alikwenda Sheffield, mji wa wafua vyuma, akawa mchora vielelezo wa kiwanda cha Hoole. Alichora majiko ya chuma na vyuma vya kuzuia moto, vitu vya kutengenezwa kwa wingi na kuuzwa kwa watu wa kawaida. Kazi hizo zilisifiwa katika Maonyesho Makubwa ya London mwaka 1851. Huko Sheffield alipata vijana waliomfuata na kujifunza kwake. Mmoja wao alikuwa James Gamble. Jina hili tulishike.

Katika miaka ya 1850 Holford alimwajiri Stevens apambe chumba cha kulia cha Dorchester House: dari, milango, kabati, na jiko la marumaru. Wakati huohuo alipewa kazi nyingine kubwa zaidi, nguzo ya kumbukumbu ya mkuu wa jeshi, Duke of Wellington, katika kanisa kuu la St Paul's. Hapo ndipo shida ilipoanza. Stevens hakuweza kuridhika haraka. Alichora, akachora tena, akafinyanga kielelezo kwa ukubwa kamili kabla ya kugusa jiwe. Miaka ikapita. Pesa ya nguzo ikatumika na nguzo haijaisha, na kufika mwaka 1870 maofisa wa serikali walikuwa wakigombana naye juu ya fedha na ucheleweshaji. Naye Holford alikuwa akingoja chumba chake.

Tarehe 1 Mei 1875 Stevens akafariki. Nguzo haijakamilika. Jiko halijakamilika.

Mafundi wanaosoma hapa wanaelewa maana yake. Mteja amelipa, jiwe limenunuliwa, limeanza kukatwa, na mkono ulioanza kukata umezikwa. Jiwe lililochongwa nusu haliwezi kurudishwa dukani. Basi Gamble, yule kijana aliyejifunza kwake, akachukua kazi ya jiko la marumaru akaimaliza. Nguzo ya Wellington nayo ilimaliziwa na wengine. Farasi na mpanda farasi wa juu kabisa aliwekwa mwaka 1912 na mchongaji mwingine, John Tweed, miaka 37 baada ya fundi wa kwanza kufariki.

Mgeni kutoka Kabul

Kuna ukurasa mmoja wa habari za nyumba ile unaotugusa sisi Waislamu. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza ilimkaribisha Shahzada Nasrullah Khan, mtoto wa Amir Abdur Rahman wa Afghanistan, na akapangiwa makazi Dorchester House. Kijana wa Kiislamu kutoka Kabul akalala katika jumba la Holford, na jiko la Stevens lilikuwa katika chumba cha kulia cha nyumba hiyo.

Alikuja na ombi la baba yake: Afghanistan iruhusiwe kuwa na mjumbe wake wa kudumu London, badala ya mambo yote kupitia kwa watawala wa India. Alipewa heshima zote, akaonana na Malkia Victoria, akatembezwa miji na viwanda. Ombi lenyewe likakataliwa. Lakini safari haikupotea bure. Ndugu zetu wa Liverpool, waliokuwa wamekusanyika chini ya Abdullah Quilliam, mwanasheria Mwingereza aliyesilimu, walipata kutoka kwake msaada wa pauni 2,500 kwa ajili ya kituo chao cha Brougham Terrace. Kituo hicho kilifunguliwa mwaka 1889, na kilikuwa miongoni mwa misikiti ya mwanzo kabisa Uingereza.

Yeye mwenyewe dunia haikumkalia sawa. Mwaka 1919 kaka yake, Amir Habibullah, aliuawa, na Nasrullah akatangazwa mtawala. Utawala wake haukufika hata wiki mbili. Mpwa wake Amanullah alishika nchi, akamfunga, na Nasrullah akafariki kifungoni mwaka 1920. Aliyelala kwenye marumaru alikufa mfungwa, na kituo alichokisaidia kimebaki. Leo jengo lile la Brougham Terrace limefufuliwa na linaswaliwa.

Nyumba ikavunjwa

Holford alijenga nyumba ya kudumu, yenye kuta nene za mawe. Alikufa mwaka 1892. Mwanawe, George, akafa mwaka 1926. Warithi hawakuweza au hawakutaka kuishika nyumba kubwa kiasi kile, na mwaka 1929 Dorchester House ikavunjwa. Haikutimiza hata miaka 80. Mahali pake pakajengwa hoteli, The Dorchester, iliyofunguliwa mwaka 1931, na tangu mwaka 1985 hoteli hiyo imekuwa mikononi mwa Brunei.

Lakini kabla ya kuvunja, watu walitazama nini cha kuokoa. Jiko la marumaru likang'olewa ukutani kwa uangalifu. Leo liko katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, katika ukumbi wa chakula uitwao Gamble Room. Ndiyo, ni yuleyule Gamble. Ukumbi ule aliupamba yeye kwa vigae vya rangi, na juu ya kuta umezungukwa na maandishi kutoka kitabu cha Mhubiri katika Biblia, yanayosema juu ya mtu kula na kunywa na kuifurahia kazi ya mikono yake. Kuingia makumbusho hayo ni bure. Mwanafunzi mwenye pesa ya chai tu anaweza kukaa karibu na jiko ambalo zamani lilionwa na wageni wa Holford peke yao.

Sasa ya kwetu

Baba yetu alikuwa seremala. Alijifunza nakshi kwa mzee mmoja wa Ujiji, akarudi nayo Buyenzi. Alichonga vitanda, makabati na milango. Alifariki mwaka 2018 baada ya maradhi ya miezi minne.

Wiki ya pili baada ya matanga akaja mzee mmoja, mtu mpole, akakaa barazani, akatoa pole, akanyamaza muda. Kisha akasema kwamba marehemu alikuwa na avansi yake, faranga 400,000, kwa mlango wa mbao mbili wa bei ya faranga 600,000. Alikuwa na karatasi yenye sahihi ya baba. Tukaenda karakana. Mlango ulikuwapo, umefunikwa na gunia. Ulikuwa wa libuyu ya Kongo, mbao nzuri nyekundu. Ubao wa kulia ulikuwa umekamilika, mawaridi katikati na mnyororo pembezoni. Ubao wa kushoto ulikuwa na mistari ya penseli tu. Mfaa wa katikati haujaguswa.

Pesa hazikuwapo. Nusu ilinunua mbao, nusu ilikwenda hospitali.

Hapo ndugu tukagawanyika. Kaka mkubwa alisema tuuze zana na mbao, tulipe tunachoweza, tuombe msamaha kwa kinachobaki. Wengine tukasema zana ndizo urithi pekee wa baba. Mmoja akasema maneno ambayo leo hakuna anayependa kuyakumbuka, kwamba deni la marehemu si la watoto. Na kijana wa baba, aliyejifunza kwake miaka sita, alikuwa amekaa pembeni hasemi kitu, naye anadai mshahara wa wiki tatu. Mama alikuwa edani. Alitusikia kupitia pazia, na tukajua anasikia.

Dada yetu alikuwa London kwa masomo wakati ule. Tulikuwa tukimpigia simu usiku kumwambia kila mmoja upande wake. Siku moja akatutumia picha. Alikuwa amekaa na wenzake ukumbi wa chakula wa makumbusho, nyuma yake jiko kubwa jeupe. Chini ya picha aliandika habari ya Stevens na Gamble kwa ufupi, kisha akamaliza: "Huyu naye alikufa kazi haijaisha. Mwanafunzi wake akamaliza. Nyinyi mnazungumza pesa tu, hakuna aliyeuliza kama kijana wa baba anaweza kumaliza mlango?"

Na kweli, hakuna aliyeuliza.

Tulivyofanya

Kwanza tulikwenda kwa shekhe wa mtaa. Akatuwekea mambo kwa utaratibu ambao wengi tulikuwa tumeusikia lakini hatujawahi kuutumia. Mali ya marehemu haigawanywi siku ya kwanza. Hutolewa gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, na kinachobaki ndicho urithi. Avansi ya mteja ni deni. Mshahara wa kijana pia ni deni, na haja yake isicheleweshwe kwa kuwa yeye ni mnyonge na haji na karatasi. Akasema: "Msimwambie mwenye mlango mlichoamua. Mwulizeni anataka nini. Haki ni yake."

Tukamwendea yule mzee nyumbani kwake. Kaka mkubwa ndiye aliyesema, kwa adabu, kwamba tunaweza kumtafutia pesa zake kidogo kidogo, au mlango umalizwe na mwanafunzi wa marehemu, na akiona haumfai tutarudi kwenye pesa. Mzee akacheka kidogo. Akajibu: "Wanangu, sikwenda kwa baba yenu kutafuta pesa, pesa nilikuwa nazo. Nilikwenda kutafuta mlango."

Kisha tukamwuliza kijana. Alikaa kimya tena, halafu akasema anaweza, ila apewe miezi miwili, na asisimamiwe na mtu. Kabla hajaanza alikwenda kumsalimu mama kupitia pazia. Akauliza, "Mama, nichonge kama mzee, au nichonge ninavyoweza?"

Mama akamjibu, "Chonga kwa mkono wako, baba, lakini usitoke nje ya mstari wake."

Mlango ulimalizika siku chache baada ya miezi miwili. Ukisimama karibu unaona tofauti. Mawaridi ya kulia yamezama, kivuli kinaingia ndani ya majani. Ya kushoto yako juu juu kidogo, patasi ya kijana haijathubutu kwenda chini sana. Lakini mistari ni ileile, na mnyororo unazunguka mbao zote mbili bila kukatika. Yule mzee aliutazama muda mrefu, akapitisha kidole kulia, akapitisha kushoto. Akalipa faranga 200,000 zilizobaki. Hakudai kupunguziwa.

Katika pesa hizo kijana alilipwa mshahara wake wa nyuma kwanza, kisha ujira wa kumaliza mlango. Kilichobaki pamoja na mbao na vitu vingine vya karakana kikahesabiwa. Mama akapata thumuni yake, na sisi watoto tukagawana kilichobaki, wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja. Hakikuwa kingi. Patasi na randa tulikubaliana wote, tukiwa watu wazima na kwa radhi zetu, kumpa kijana. Kaka mkubwa, aliyetaka kuziuza, ndiye aliyezifunga katika kitambaa na kumkabidhi.

Tunachowausia

Jiko la Dorchester House limetufundisha kwamba nyumba, mwenye nyumba na hata mgeni wa kifalme wanaweza kuondoka, na kazi ya fundi ikabaki. Lakini isingebaki kama ingeachwa nusu. Pambo lililoachwa nusu mwaka 1875, nani angelihangaikia mwaka 1929? Lilisalia kwa sababu mwanafunzi hakumwacha mwalimu wake na deni.

Kwa hiyo, wazazi wenye kazi za mikono, mafundi, mafundi cherehani, waashi na wachoraji, andikeni. Chukueni daftari, muandike kazi ya nani iko mkononi, avansi kiasi gani, imetumika wapi, imebaki nini. Liwe mahali ambapo mke na watoto wanajua. Andikeni pia mnachodaiwa na wafanyakazi wenu. Tulipata tabu kwa sababu karatasi pekee ilikuwa kwa mteja, na tukajiuliza kama kuna wengine wanaoona haya kuja. Tulitangaza msikitini siku tatu za Ijumaa. Akaja mmoja, anadai stuli, akatusamehe.

Pia, msifiche ujuzi. Mfundisheni kijana mpaka aweze kumaliza bila ninyi. Kuna mafundi wanaomfundisha mwanafunzi kila kitu ila hatua ya mwisho, wakiogopa atawanyang'anya wateja. Siku ya dhiki, hatua hiyo ya mwisho ndiyo watoto wako watakayoihitaji.

Warithi nao wasianze na mgawanyo. Waanze na madeni, na kabla ya kubishana wao kwa wao, wamwulize mwenye haki anataka nini. Sisi tulibishana wiki tatu juu ya jambo lililokatwa kwa swali moja.

Na wanafunzi mlio mbali, mnaotembelea makumbusho na majumba ya watu, msitazame dhahabu na marumaru tu. Someni kibao kidogo kilicho pembeni. Tafuteni jina la fundi, na jina la aliyemalizia. Kisha pigeni simu nyumbani mtusimulie, maana hamjui nyumbani kuna jambo gani usiku ule.

Kijana wa baba sasa ana karakana yake, si mbali na soko, na ana wanafunzi wawili. Ukipita wakati wa alasiri utasikia nyundo na patasi.

Tunamwomba Allah awarehemu wazazi wetu waliotangulia, awalipie madeni yao kwa mikono yetu, na atujaalie tufe hakuna anayetudai.